Chai Imechemka, Kaka Gantumur

Saa tatu asubuhi, jua bado linajikongoja nyuma ya moshi wa makaa pembezoni mwa Ulaanbaatar. Ndani ya kibanda cha mabati chenye jiko, Uyanga habandui macho kwenye skrini. Mistari miwili inatembea, mmoja wa ampea, mwingine wa volti. Mbali kidogo, shimoni, kaka yake Gantumur anachomelea bomba la maji moto litakalopasha joto chekechea ya mtaa.

Tumo katika tisa ya tatu kati ya zile tisa, za siku tisa kila moja, tunazohesabia majira ya baridi; ndiyo ile ambayo wahenga wetu walisema hugandisha hata pembe za fahali.

“Nimeajiriwa kusoma umeme,” anasema Uyanga, mama wa miaka 38, “ila ukweli namsoma mtu. Mkono ukiinuka, volti zinapanda. Mstari wa kaka ulikuwa umenyooka kama wa rula.”

Ulikuwa. Leo unayumba.

Kwetu mwanamume hakiri kwamba baridi imemshinda. Ndiyo maana Uyanga hamwambii mchomeleaji kuwa mkono wake unatetemeka. Husema tu kwa redio kwamba chai imechemka. Kila mtu anaelewa, na hakuna anayeaibika.

“Kaka, chai imechemka.”

“Inywe wewe! Tangu lini mdogo wangu ukawa muuza chai?” Vicheko vya wenzake vinasikika nyuma yake.

“Mstari wako unacheza.”

“Waya huo. Kwa baridi hii umekakamaa kama fimbo.”

Huenda ni kweli. Kibanio cha athi, kile kinachorudisha umeme kwenye mashine, kikilegea, vipimo hurukaruka. Uyanga anamwomba akibane upya, naye anakibana huku akinung’unika. Mstari haurukiruki. Unayumba polepole, kama kichwa cha mtu anayesinzia, na waya hauyumbi hivyo.

Baba yao alipofariki, Gantumur ndiye aliyemlea Uyanga, na ndiye aliyemfundisha kuchomelea. Uyanga akimsimamisha, msimamizi atamwondoa kaka shimoni, naye hana maisha mengine anayoyajua. Akinyamaza, kiungo cha bomba kinaweza kupasuka na watoto wa chekechea wakabaki kwenye chumba cha barafu.

Anabonyeza kitufe. Mashine ya shimoni inazimika.

Gantumur anaingia bila salamu. Anavua glavu, anakumbatia bakuli la chai ya maziwa na chumvi kwa viganja vyote viwili. Mvuke unampanda usoni.

“Umenitoa shimoni kwa chai baridi?” anafoka.

Uyanga analigusa bakuli, anaurudisha mkono haraka. Linaunguza. Kisha, taratibu, anambandua kaka yake vidole kimoja kimoja. Mimi mwenyewe, mwandishi niliyeketi kando ya jiko, nilitazama pembeni, maana iliniuma.

Kile kiungo cha bomba kikakatwa. Aliyekirudia ni Uyanga, akiwa amevaa kofia ya kuchomelea ya kaka yake. Daktari amesema vidole vitapona, lakini shimoni Gantumur asirudi tena. Uyanga ameshamwomba msimamizi ampe kaka yake kiti cha mbele ya skrini, naye amekubali.

“Yeye anakiita kiti cha bibi,” anasema akivaa glavu. “Lakini natumaini atakizoea. Nani atausoma mkono wangu kumzidi aliyeufundisha?”

Anashuka shimoni. Cheche zinaruka, bomba linashika. Baada ya muda redio inakoroma kwa sauti ya Gantumur kutoka kibandani.

“Uyanga, chai imechemka.”

“Bado kidogo, kaka.”

“Imechemka, nimesema. Na safari hii nimeionja kwa ulimi.”