Hsiu-luan na Waya za Kisanduku Kipya

Kuo Hsiu-luan alianza kurusha ndege akiwa na miaka sitini na mmoja, miezi minne baada ya kustaafu. Alizirusha kwenye kompyuta, chumbani kwake, ghorofa ya tatu pale mjini Zhongli, akiwa na ndala miguuni na kikombe cha chai ya shayiri pembeni. Mwanzoni alikuwa akianguka baharini kila siku. Kufikia mwaka wa pili akawa anatoka uwanja wa Songshan na kutua ule wa Taitung bila kugusa mlima hata mmoja, na wenzake wa mazoezi ya asubuhi bustanini wakaanza kumwita Rubani, nusu utani, nusu heshima.

Kabla ya hapo alikuwa mtu wa waya. Miaka thelathini na minane alikaa kiwandani akichomeka pini ndogo za shaba kwenye vichwa vya plastiki. Waya za redio, waya za mashine za kufulia, waya za kompyuta, halafu tena za mashine za kufulia. Jioni akirudi nyumbani hakusimulia kitu. Angesimulia nini? Leo nimechomeka, jana nilichomeka. Binti yake, Pei-shan, alikua akijua mambo mawili tu kuhusu kazi ya mama: kwamba ncha za vidole vyake ni ngumu kama kwato, na kwamba ukimpa uzi uliojisokota anaufumua huku macho yake yakiwa kwenye televisheni.

Basi mwaka huu mchezo wa ndege ukatoka toleo jipya, lenye mawingu ya kweli kweli, na kompyuta ya Hsiu-luan ikashindwa kuyabeba. Mlima unatokea ukiwa umeshaugonga. Muuza duka wa karibu na stesheni ya treni akamwambia anahitaji kadi mpya ya picha, tena kadi hiyo inakula umeme mwingi, kwa hiyo abadilishe na kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Hsiu-luan akavibeba vyote viwili kwenye mfuko wa sokoni, juu yavyo kaweka figili na mbavu za nguruwe.

Alikuwa na nia ya kuvifunga mwenyewe siku ileile. Lakini Pei-shan akapiga simu kwa ajili ya mumewe.

"Mama, mwachie Chih-yao."

"Kwani kaomba?"

"Wiki nzima anaangalia video. Mpaka kanunua bisibisi ya sumaku. Mama, nakuomba. Sikukuu ya Mwaka Mpya ulimtengenezea ile sufuria ya umeme mbele ya wazazi wake, siku mbili hakufungua mdomo."

"Waya ulikuwa umekatika. Niliunga tu."

"Uliunga kwa dakika mbili, Mama. Yeye alikuwa kahangaika nao tangu asubuhi."

Hsiu-luan akacheka, akakubali.

Jumapili saa tatu asubuhi, Yu Chih-yao akafika. Alikuwa mkwe mwema, mwenye sauti kubwa, muuza bima ambaye hata akiomba chumvi mezani unahisi anakushawishi utie saini mahali. Pei-shan alikuwa zamu kwenye duka la dawa mpaka mchana, kwa hiyo walikuwa wawili tu. Chih-yao akatandika gazeti sakafuni, akailaza kompyuta kwa ubavu, akakunja mikono ya shati.

"Mama, leo wewe ni mgeni. Kaa, kunywa chai. Nusu saa tu, utakuwa unaruka mawinguni."

"Umechomoa umeme ukutani?"

"Mama!"

"Nauliza tu."

Alikuwa amechomoa. Akatoa pia skrubu nne za nyuma na kuziweka kwenye kisahani ili zisipotee, jambo ambalo Hsiu-luan alilipenda kimyakimya. Kisanduku cha zamani kilikuwa cha aina ile ambayo waya zake hazikushonewa ndani. Kila waya una kichwa huku na kichwa kule, unachomeka unakotaka. Chih-yao akazichomoa upande wa kisanduku, akakitoa, akakipuliza vumbi mpaka akapiga chafya tatu. Kisha akatia kipya mahali pake.

Ule waya mnene unaolisha ubao mkuu ulikataa kuingia kwenye kisanduku kipya. Akaujaribu kushoto, akaujaribu kulia, akasonya. Akafungua mfuko wa waya mpya, akatia uliomo humo. Wa prosesa, ule ubongo wa kompyuta, nao akaubadilisha, kwa kuwa ulikuwa karibu. Zikabaki waya mbili za diski, zilizopita nyuma ya ubao na kufungwa kwa vibanio vya plastiki kila baada ya kidole kimoja. Aliyezifunga hivyo alikuwa Hsiu-luan mwenyewe, mwaka ule alipopewa kompyuta, maana hakuweza kuvumilia waya zinaning'inia kama tambi.

Chih-yao akaziangalia, akaangalia saa, akachukua vichwa vyake vya upande wa pili na kuvisukuma kwenye kisanduku kipya. Tak. Tak. Vikaingia bila shida.

Hsiu-luan alisikia ile tak mpaka kwenye meno.

Nimwambie? Akaikumbuka simu ya binti yake. Akainuka, akaenda jikoni kumenya mapera. Akamenya la kwanza, akajiambia labda visanduku vyote viwili vimetoka mikononi mwa watu waliopatana jinsi ya kupanga pini. Akamenya la pili, akajiambia kiwandani kwao hata meza mbili zilizotazamana hazikuwahi kupatana. Kwenye diski ile kulikuwa na safari zake zote, mia tisa na ushee, kila moja na tarehe yake. La tatu hakulimaliza. Akarudi chumbani na kisu mkononi, akamkuta mkwe wake kachomeka kadi ya picha, karudisha plagi ukutani, na kidole kiko kwenye swichi.

"Usiwashe!"

Chih-yao akaruka nyuma. "Mama, weka kisu chini kwanza."

Akaweka kisu. "Zile mbili za diski umeacha za zamani."

"Zimeingia vizuri, Mama. Kama si zake zisingeingia."

"Kuingia ni plastiki. Nakuuliza pini za ndani."

"Mama, hii si mashine ya kufulia. Kompyuta zina vipimo vyake, dunia nzima ni vilevile."

"Upande wa diski, sawa, dunia nzima. Upande wa kisanduku kila kiwanda hupanga anavyotaka tajiri anayeagiza. Mimi nimepangia matajiri kumi na wawili."

Shingo ya Chih-yao ikaanza kuwa nyekundu. Hsiu-luan akaona mambo yanaelekea kulekule kwa ile sufuria ya umeme. Angeweza kuchomoa zile waya na kumaliza kazi kabla hajapumua mara kumi. Badala yake akafungua droo, akatoa mita yake ya kupimia umeme, ya manjano, iliyofungwa utepe ubavuni, akaketi sakafuni kwenye gazeti kama msichana.

"Mimi naweza kuwa nimekosea," akasema. "Macho yangu si ya jana. Hebu pima wewe, mimi nishike."

Hilo Chih-yao hakulitarajia. Akachomoa plagi, akakata vibanio kwa mkasi, akautoa waya mmoja wa zamani, akaulaza kando ya mmoja mpya. Hsiu-luan akamwonyesha: ncha moja ya mita igusishe uzi wa njano, upande wa diski, ncha ya pili itafute tundu kwa tundu kwenye kichwa cha upande wa kisanduku. Penye njia, mita italia.

Akaanza na ule mpya. Kimya, kimya, pii. Tundu la pili, safu ya juu. Hsiu-luan akatia alama kwa kalamu ya wino.

"Sasa wa zamani. Tundu hilohilo."

Kimya.

"Bonyeza sawasawa."

"Nimebonyeza, Mama."

"Basi acha hapo hapo tunduni. Huku kwa diski, hama kutoka njano, gusa nyekundu."

Pii.

Chih-yao akatazama mita kana kwamba imemtukana. "Maana yake nini?"

"Njano ni umeme wa volti kumi na mbili. Nyekundu ni wa tano. Kisanduku kipya kingetoa kumi na mbili kupitia tundu hili, na waya wa zamani ungeupeleka kwenye mlango wa tano. Diski ingetoa kamoshi kadogo hivi. Kanatoka mara moja tu."

"Na safari zako?"

"Nazo zingetoka na moshi."

Chih-yao akakaa chini kabisa, miguu ikanyooka mbele, bisibisi ya sumaku imening'inia mkononi. "Na mimi nilikuwa nawasha," akasema, kwa sauti ndogo ambayo Hsiu-luan hakuwahi kuisikia kwake. "Umejuaje kwa kutazama tu?"

"Sikujua. Niliogopa."

"Kwa nini?"

Hapo ndipo alipomsimulia jambo ambalo hata Pei-shan hakulijua. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Bwana mmoja wa idara ya mizigo alikuwa amemwalika sinema, na Hsiu-luan siku nzima aliwaza avae nini, mikono ikichomeka yenyewe. Ikachomeka nyekundu penye njano na njano penye nyekundu, waya elfu sita, maana mabibi wa meza ya pili na ya tatu waliiga sampuli yake. Vichwa vyote viliingia vizuri. Redio ya kwanza iliyojaribiwa ikatoa moshi.

"Wakakufukuza?"

"Bora wangenifukuza. Msimamizi wetu, mama mmoja mnene, alileta masanduku yote akayaweka mbele yangu, akanipa sindano. Siku tisa nachomoa pini moja moja. Wenzangu wakaja kunisaidia wakati wa chakula, wananiimbia nyimbo za harusi."

"Na sinema?"

"Sikwenda. Akaja yeye kiwandani, akakaa kwenye sanduku, akachomoa pini mia mbili. Ndiye baba yake Pei-shan."

Chih-yao akacheka mpaka akafuta macho kwa mkono wenye vumbi. Miaka sita ya kuwa mkwe, na hakuwahi kumuuliza mama huyu alikuwa akifanya nini hasa kule kiwandani. Sasa akauliza, na hakuacha. Waya hukatwaje? Mnajuaje pini imeshika? Hsiu-luan akamwambia afumbe macho, achomeke waya mpya wa diski kwa kusikiliza vidole. Ukiusukuma hufika mahali pa kukataa kidogo, halafu hukubali. Usiushindilie kabla haujakataa, usiuache kabla haujakubali. Akautia wa kwanza, akautia wa pili. Akarudi kwenye kadi ya picha, akafumba macho tena, akagundua kichwa cha waya wake kilikuwa kimeingia nusu tu.

"Huu nao ulikuwa unaning'inia, Mama."

"Nimeuona."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nasubiri uone."

Wakarudisha plagi. Chih-yao akamwachia heshima ya kuwasha. Hsiu-luan akabonyeza, feni zikazunguka, taa ya kijani ikawaka, kadi mpya ikanguruma taratibu. Skrini nyeusi. Wakangoja. Nyeusi tu.

Hsiu-luan akazima. Akakagua waya mnene, akakagua wa prosesa, akaitoa kadi na kuirudisha, akapima hiki, akapima kile. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Robo saa ikapita na hakuna kilichokosewa, na hilo ndilo lilimtisha. Moyoni akaanza kujilaumu: mita yenyewe ya zamani, macho ya zamani, na kiburi juu.

"Mama," Chih-yao akasema akiwa amechungulia nyuma ya meza. "Waya wa skrini nani kauchomeka?"

"Mimi. Ulipokuwa unapiga chafya."

"Umeuchomeka palepale pa zamani. Kwenye ubao. Picha sasa si inatokea kwenye kadi?"

Hsiu-luan akainama akatazama. Akatazama tena. Kisha akajipiga kofi la paja lililosikika mpaka kwenye ngazi.

"Miaka thelathini na minane!" akasema.

"Matajiri kumi na wawili!" Chih-yao akapokea.

"Nyamaza, uhamishe huo waya."

Akauhamisha. Skrini ikawaka.

Pei-shan aliporudi saa saba na nusu, hakukuta harufu ya supu. Mbavu zilikuwa bado kwenye jokofu na mapera mawili yamekauka kwenye kisahani. Mume wake na mama yake walikuwa wamebanana kwenye kiti kimoja mbele ya skrini, wakiwa juu ya bahari, wakielekea Kinmen, kisiwa ambako Chih-yao alitumikia jeshi. Mawingu yalipita kama pamba iliyochambuliwa.

"Kwani hamjala?"

"Subiri kidogo," Chih-yao akasema bila kugeuka. "Mama anatafuta kambi yetu."

Hsiu-luan akaizungusha ndege mara mbili juu ya kisiwa. Kambi hawakuiona, yeye akasema ilikuwa kwenye mwamba ule, Chih-yao akasema hapana, ng'ambo ya pili. Mwishowe njaa ikawashinda, Pei-shan akachemsha tambi.

Jumamosi iliyofuata, asubuhi, Hsiu-luan alikuwa anafunga kamba za raba zake kwenda bustanini mlango ulipogongwa. Chih-yao alikuwa amesimama ngazini, anahema, ameikumbatia kompyuta yake mwenyewe iliyofungwa kwa taulo la kuogea, na mfuko wa machungwa ukining'inia kidoleni.

"Sijagusa kitu, Mama," akasema. "Hata skrubu moja."

Hsiu-luan akalitazama lile taulo, akatazama saa. Bustanini watamsubiri, watachoka, wataanza bila yeye.

"Ingia," akasema, akaanza kufungua kamba za raba.