Wingi wa "spouse" umeniletea balaa

Kompyuta yangu karibu iniletee mke mwenza leo!

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza hapa Sori. Nilikuwa nimeandika programu ndogo ya kuchekesha wanafunzi: kwa vile wingi wa "mouse" ni "mice", basi maneno yote yanayofanana yafuate hivyo.

"House" ikawa "hice". "Blouse" ikawa "blice". Nilicheka hadi machozi.

Mume wangu akasogea, akaandika "spouse", yaani mke au mume.

Ikatoka "spice". Yaani viungo vya chakula!

"Umeona, Mama Achieng?" akasema, akipiga makofi. "Wake wakiwa wengi, boma linanukia vizuri!"

Nikafunga laptop polepole.

"Sawa, Baba Achieng. Basi leo hao spice wakupikie."

Saa hii yuko jikoni anaunguza omena, wale dagaa wa ziwani.

Jameni, nimwokoe ama nimwache kwanza?