Milaya Juu ya Valvu

Mimi ni fundi wa vyombo vya sauti, mtaa wa Hai Mauna. Nilisomea Nakuru, nina cheti, nina mita ya kupimia, na kwa miaka mingi nimekuwa na majibu ya maswali ambayo hakuna aliyeniuliza. Kwa hiyo kanisa letu la New Site lilipopata amplifaya mpya ya transista, nyeusi, yenye vitaa vya buluu, ni mimi niliyetangaza kwamba ile ya mjomba sasa ikapumzike.

Mjomba, kaka yake mama, alirudi kutoka Uganda na gitaa moja na amplifaya ya valvu, sanduku la mbao zito kuliko mizigo yake mingine yote. Ndani yake, badala ya transista, kuna vichupa vya glasi vinavyowaka rangi ya chungwa, na ukiiwasha lazima usubiri vipate moto ndipo itoe sauti. Kila Jumapili waumini walikaa kimya wakingoja vichupa vya mjomba vichangamke. Nami nilitazama saa yangu, nikihakikisha kila mtu ananiona nikiitazama.

"Ile mashine inaharibu sauti," niliwaambia wazee wa kamati. Mita yangu ilikubaliana nami. Gitaa likipita pale linatoka na nyongeza ambayo hakuna aliyeipiga, sauti nyembamba ya juu, oktava nzima, imejibandika pembeni. Transista inatoa kile ilichopewa, basi. Mjomba alinijibu huku akikunja waya wake: "Wakitoa hii, mimi napumzika pia. Mtatafuta mtu ingine ya kupiga gitaa." Hakukasirika. Angekasirika ningejua la kufanya.

Wazee, kwa hekima yao ya kuogopa kuamua, wakaitisha jaribio Jumamosi mchana, kwaya nzima ikiwepo. Mama alikuja na milaya. Kwetu kitu cha heshima hakikai uchi mbele ya wageni: televisheni, kiti, hata friji isiyogandisha, vyote huvikwa shuka iliyotariziwa. Hii alikuwa ameitarizi mwenyewe, ndege wawili na maua mekundu, kwa ajili ya mashine ya kaka yake. Akaitandika juu ya sanduku, ikaning'inia hadi nyuma, kwenye matundu yanayotoa joto. Mbele aliacha spika wazi, maana alikuwa mwangalifu. Mjomba akaiwasha ianze kupata moto, kisha akachomeka gitaa kwenye ile mpya.

Ilianza vizuri mno. Wimbo ulikuwa wa taratibu, kila uzi ulisikika safi, nami nikawatazama wazee kama baba wa bwana harusi. Halafu kwaya ikapanda, ngoma ikaingia, na mjomba akaongeza nguvu. Sasa, transista ina tabia moja ambayo kwa bahati mbaya niliisahau kwenye hotuba yangu. Ikifika mwisho wa uwezo wake haijui kulegea, inaikata sauti kichwa, moja kwa moja, kama kwa panga. Ukatoka mkwaruzo wa bati, na mama mmoja wa kwaya akaziba masikio. Mwenyekiti wa kamati akaniuliza, kwa upole wa kuudhi, kama hiyo ndiyo sauti safi.

Niligeuka nisimwangalie, nikaiona milaya. Hewa juu yake ilikuwa inatetemeka kwa joto. Kati ya watu wote pale, ni mmoja tu aliyejua kwamba valvu ikizibwa pumzi hivyo haiwezi kumaliza wimbo. Neno moja lingetosha. Na mtu huyo alikuwa na cheti, usisahau. Nilinyamaza.

Mjomba akahamisha waya. Nikubali tu: ubeti ule mmoja sijausikia tena mahali popote. Kwaya ilipanda, naye akasukuma, na valvu nazo zikafika mwisho wa uwezo wao. Lakini zilijikunja taratibu, zikalainisha kingo za sauti, gitaa likawa nene, likakaribia kulia. Mashine hii ilikuwa inaharibu sauti zaidi ya ile yangu, mita ingeapa. Wazee walifumba macho. Kisha ikaja harufu ya kuungua, gitaa likazama, na moshi ukapita katikati ya ndege wa mama.

Watu wakakurupuka. Mama aliivuta shuka yake akaikumbatia ingali inafuka, akisema "malesh, malesh," akimwomba radhi kaka yake, mashine, kila mtu. Alidhani ni kosa lake. Nilimwacha adhani hivyo.

Transista ikashinda. Jumapili mjomba hakuja, wala iliyofuata. Mama naye aliweka sindano na nyuzi zake chini ya kitanda. Mimi, mtu mwema, niliagiza valvu kutoka Kampala, nikatengeneza ile mashine kwa mikono yangu, na siku ilipopona nikawaita wote wawili karakanani kwangu. Niliiwasha. Mama alisimama mbali nayo, mikono nyuma, kama mtoto aliyekatazwa kugusa.

"Mama, siku ile niliiona shuka. Nilijua itaungua. Sikusema."

Mama aliniangalia, akachukua mfuko wake, akatoka nje. Mjomba aliendelea kungoja vichupa vipate moto.

"Mimi nilijua," akasema. "Moshi ilitoka, watu yote ilishtuka. Wewe hapana."

Akapiga uzi mmoja, akausikiliza mpaka ukaisha.

"Jumapili utabeba wewe. Iko mzito."