Mzani Wangu, Kikombe cha Mama Mkwe

Jamani, leo nimeumbuka, na aliyenisitiri ni mtu niliyemdharau asubuhi.

Mama mkwe yuko kwetu Chamazi tangu juzi, katokea Masasi. Leo majirani walikuwa wanakuja kumsalimia, nikasema tukaange maandazi.

Akatoa kikombe chake cha bati kwenye mkoba. "Unga vikombe vinne, mwanangu."

Nikacheka. "Mama, kirudishe tu. Siku hizi tunapima kwa gramu."

Nina mzani mpya, si mnajua tena.

Kabla hajakirudisha, nikakijaza maji, nikapima: gramu mia mbili hamsini. Mara nne, kilo. Nikamwaga kilo nzima ya unga.

Kumbe unga ni mwepesi! Kikombe kikijaa unga, uzito wake ni kama nusu tu ya maji.

Donge likawa gumu, mie nakanda tu kwa kiburi. Mama ananiangalia.

Majirani wakafika. Mmoja akang'ata andazi, akalirudisha kwenye sahani. Likalia ko!



Mama mkwe akacheka. "Mnisamehe wanangu, unga nimepima mie. Macho haya yamezeeka."

Wakamtania weee! Naye anachovya andazi kwenye chai, anatafuna taratibu.

Na mie nikanyamaza. Hilo ndilo linaloniuma.

Wageni wameshaondoka. Kikombe bado kiko mkobani, pale pale nilipomwambia akirudishe.

Nyie mngeanzaje kumwomba msamaha?