Picha Nzito za Baba Mkwe

Printa ililia "tii" mara moja gizani, tukajua umeme umerudi. Katika steshenari ile ya Tunduma, mama mmoja wa Ileje alikuwa na diski yenye picha za kichwa cha baba mkwe wake, aliyelazwa. Daktari wa Mbeya alizisubiri ili aamue kama mgonjwa apelekwe kwake usiku uleule.

Barua pepe ilizikataa kwa uzito wake. Dada wa dukani hakubabaika. Alizipandisha kwenye hifadhi ya mtandaoni, akamtumia daktari kiungo cha kuzipakua.

Daktari akapiga simu. "Zimefika, ila hazina jina. Mgonjwa ni nani?"

"Ni baba," mama akajibu.

"Baba yupi, mama? Nasubiri picha za wengi."

Mama akainama. Kwao, mwanamke hatamki jina la baba mkwe, wala haliandiki. Dada akaelewa. Akazima redio, akamgeuzia mama mgongo, nasi wateja tukageuka pamoja naye. Nimesoma mashairi mengi ya heshima. Sijakutana na lililoipita migongo ile.

Nyuma yetu goti likagusa sakafu.

"Baba, unisamehe," mama akasema. "Ni Yohana."