Mwanakhamisi Agoma Kutupa Mayai ya Igowole

Kumekucha Uyole, Mbeya, na umeme haujarudi tangu jana. Mwanakhamisi Matano ameinamia boksi la viatu lenye tundu. Ndani ya boksi kuna tochi ya simu. Juu ya tundu, yai. Amejifunika khanga gubigubi, kama mtu anayejifukiza.

"Lipo hai," anasema kutoka humo ndani. "Moyo unapiga polepole, lakini unapiga."

Jailos, kijana mwenye mashine ya kutotolesha vifaranga, anacheka kwa uchovu. "Bibi, kwa baridi hii? Hayo ni ya chipsi tu."

"Kakaange ya kwako. Haya yana mwenyewe."

Mwenyewe ni Blandina, mfugaji wa Igowole, Mufindi. Kideri kilifagia kuku wote wa banda lake. Yaliyobaki ni mayai haya, yaliyotagwa kabla ugonjwa haujaingia. Aliyaleta kwa basi, ameyapakata njia nzima ndani ya ndoo ya pumba. Hana mbegu nyingine.

Jailos anataka trei ziwe wazi, wateja wengine wanasubiri. Mwanakhamisi, mjane wa miaka sitini na miwili anayemtunzia mayai, hulipwa kwa kila kifaranga anayetoka mzima tu. Kung'ang'ania mayai yaliyopoa kunaweza kumwacha mikono mitupu. Hatikisiki.

"Ukitoa hata moja linalopiga, nitoe na mimi," anamwambia.

Mlangoni anatokea Farzana, mwenye duka la jirani, akiburuta jenereta lake. Hakuna aliyemwomba. Kwapani ana chupa ya chai. "Friji langu litavumilia," anasema. Mwanakhamisi anamshika mkono.

Jenereta linanguruma. Jailos ananyoosha mkono kwenye kitufe apandishe joto, Mwanakhamisi anamchapa kofi vidoleni.

"Acha! Unataka kuyakimbiza?"

"Si yamepoa, Bibi? Moyo uchangamke!"

"Moyo huu ni kama ndoo bombani. Ukiiondoa upesi, unakwenda na nusu. Moyo ukipiga taratibu, unapata muda wa kujaa damu, ndipo unasukuma. Ukiuunguza kwa joto, utapiga mbio kabla haujajaa. Kelele nyingi, damu kidogo."

Hayo alifundishwa na Nusrat, mtaalamu wa mifugo, aliyekaa naye sakafuni mchana mzima akichora moyo kwa mkaa. "Nilimuuliza kitu kimoja mara nyingi," anakumbuka Mwanakhamisi. "Hakunichoka."

Anaacha joto pale pale pa siku zote, wala halizidishi. Jailos ananung'unika, kisha anakwenda mwenyewe kununua petroli.

Siku ya kutotoa, Blandina anafika na basi la kwanza. "Kamwene, mama!" anasalimia, macho tayari yako kwenye trei. Si yote yaliyofaulu. Lakini zaidi ya nusu ya trei inalia, manyoya bado mabichi. Blandina anakaa chini palepale, ndoo yake tupu mapajani, anajifuta uso kwa khanga.

Mwanakhamisi ananyoosha mkono kuondoa mayai yaliyobaki. Jailos anamzuia, ameweka moja sikioni.

"Subiri, Bibi. Hili linagonga."

Mwanakhamisi anamtazama, anatabasamu, analirudisha yai mahali pake.

Mpango wake sasa ni kuweka mashine ndogo Igowole, na Blandina akae chini ya khanga hiyo hiyo ajifunze kuutazama moyo.

"Umeme ukatike utakavyo," anasema. "Linalopiga halitoki."