Siku Chekechea Ilipong'aa

Kazi yangu ni kupima kama miradi inatekelezwa ilivyopangwa. Ofisini Shinyanga nilitengeneza dodoso zuri ajabu kwenye kishikwambi: unajaza ulichokiona kwa macho yako, lenyewe linakupa rangi. Kijani, mradi uendelee. Nyekundu, ufungwe. Nililipenda lile dodoso kuliko baadhi ya ndugu zangu.

Mradi wa kwanza kupimwa ulikuwa chekechea ya Mwakitolyo, ya watoto wa akina mama wanaoosha mchanga wa dhahabu. Kabla yake, watoto walishinda mialoni, kule kwenye kuoshea, wakichezea matope yenye zebaki. Mwenyekiti wa kikundi cha akina mama hao alikuwa na mjukuu mdogo hapo chekechea. Akanipigia simu: "Mwanangu, hii ikifungwa, huyu anarudi kwenye zebaki. Njoo upime vizuri." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, tunakuja Alhamisi.

Tukafika, mimi na bosi. Loo! Sakafu imepigwa deki mpaka inateleza. Mikeka imenyooshwa, vikombe vimepangwa, maua ya karatasi ukutani. Akina mama wako ndani ya vitenge vipya, vigelegele juu, kuku ananukia. Kitu kimoja tu hakikuwepo.

"Shikamoo mama. Watoto wako wapi?"

"Marahaba mwanangu. Tumewaondoa," mwenyekiti akajibu kwa fahari. "Sisi tunajua kupokea wageni. Wangechafua."

"Wamekwenda wapi?"

"Mialoni."

Swali la kwanza la dodoso langu lilikuwa idadi ya watoto walioonekana. Nikajaza sifuri, na kishikwambi kikawa chekundu pale pale. Nilitamani kukitupa kisimani.

"Bosi, hii isihesabiwe."

"Dodoso ni lako," akasema, huku anamalizia paja la kuku. Mwenyekiti aliielewa ile rangi bila kuelezwa. Vigelegele vikakatika.

Njia nzima ya kurudi nilibishana na bosi. Tumepima mapokezi, nikasema, chekechea bado hatujaipima! Mwishowe akachoka na mdomo wangu, akakubali nirudi mara moja tu, bila taarifa. Rangi nitakayorudi nayo ndiyo hiyo ya mwisho.

Nikaenda siku ya mvua. Mlangoni tu nikakanyaga uji. Ukutani kumejaa viganja vya matope. Kelele, we acha tu! Wawili wanagombania kikombe, mwingine ameshalalia mkoba wangu. Yule mjukuu yuko chini ya meza, anatafuna chaki. Kuwahesabu ilikuwa shida maana hawatulii, na machozi yalinitoka, sioni aibu kusema.

Mwenyekiti akatoka jikoni na mwiko mkononi. "We mtoto, ndiyo adabu gani hii? Unakujaje bila kusema, unatukuta tuko hivi?"

Nikamgeuzia kishikwambi. Kijani.

Akakitazama, akatazama sakafu, akatazama kiatu changu. "Na huu uchafu wote?"

"Na huu huu, mama."

Akamvuta mjukuu kutoka chini ya meza, akamfuta chaki mdomoni. Kisha akasita kidogo, akamrudisha pale pale.